Jinsi binti yetu alivyopata jina la kati

Rehema tulikuwa nalo tangu mimba ikiwa na miezi 5. Tulikuwa tumepoteza mimba moja kabla yake, na huyu alipoanza kucheza tumboni jina likaja lenyewe, wala halikubadilika tena. Kilichotunyima usingizi ni jina la kati.

Wapo wanaoliona jina la kati kama la kujazia fomu tu. Kwetu Kenya lina uzito wake. La kwanza linaweza kuwa la Biblia, la Kiingereza au la Kiswahili, na la mwisho mara nyingi ni la baba. Hili la katikati ndilo linaloeleza mtoto ni wa watu gani na alizaliwa wakati gani. Mimi ni Mbukusu wa Trans Nzoia, naitwa Nekesa kwa kuwa nilizaliwa msimu wa mavuno. Mume wangu ni Mjaluo wa Siaya, na makao yetu ni Nakuru. Nafasi ilikuwa moja, na koo zilizoitazama ni mbili.

Mtoto alizaliwa usiku, mwezi wa Aprili, mvua ikipiga mabati ya wodi hadi mkunga akawa ananipazia sauti nisikie. Kulipokucha karani akapita na fomu ya arifa ya kuzaliwa, akataka majina yote pale pale. Tulimwandikia Rehema na jina la baba, katikati tukaacha wazi. Mzazi mwenzangu, usikubali kuharakishwa. Sheria ya Kenya inatoa miezi 6 ya kusajili mtoto aliyezaliwa, na hata akishasajiliwa, mzazi ana miaka 2 ya kuandikisha jina au kulibadilisha kwa kulipa ada.

Mama mkwe alikuwa na majina mawili mkononi. La kwanza Atieno, kwa sababu mtoto alikuja usiku. Angekuja asubuhi angekuwa Akinyi, jioni Adhiambo. La pili ndilo alilolitaka kwa moyo wote: Akoth, jina la marehemu mama yake. Alinieleza kwa simu, sauti ikiwa chini, kwamba wiki ile niliyojifungua alimwota mama yake amesimama mlangoni. Kwa Wajaluo ndoto kama hiyo haipuuzwi. Mimi pia sikuipuuza.

Tatizo lilikuwa sikioni. Nikinyonyesha saa 9 za usiku nilikuwa nikiyatamka majina polepole, moja baada ya jingine. Rehema Atieno. Rehema Akoth. Kila mara ile "a" ya mwisho wa Rehema ilimezwa na "a" inayofuata, likatoka neno moja refu: Rehemakoth. Hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Majina ya wasichana wa Kijaluo karibu yote huanza na "a", na majina mengi ya kike tuyapendayo kwa Kiswahili huishia kwa "a": Neema, Rehema. Yanayoponyoka, kama Zawadi, ni machache tu. Ukitaka jina la kati linaloanza na "a", la kwanza likiishia kwa "i" au kwa konsonanti utapata nafuu kubwa. Imani Akoth linatamkika vizuri sana. Lakini binti yetu hakuwa Imani.

Wifi yangu hakukubaliana nami. Akanikumbusha kwamba yule mwigizaji wetu aliyepata tuzo ya Oscar anaitwa Lupita Amondi Nyong'o, na hakuna aliyewahi kulalamika kuhusu hizo "a" mbili. Ni kweli. Ila mimi ndiye ningemwita huyu mtoto kila siku, na sikio langu lilikuwa limekwisha kukataa.

Kwetu Bukusu majina ya wasichana mengi huanza na "n", na hiyo "n" inasimama vizuri baada ya "a". Nelima, wa msimu wa kulima. Naliaka, wa palizi. Nasimiyu, wa kiangazi. Nafula, wa mvua. Nikaandika yote kwenye daftari, nikayaita kwa sauti kutoka jikoni hadi mlango wa nje kama mtu anayemwita mtoto aje kula. Rehema Nafula lilitoka bila kukwama: silabi tatu, kisha tatu tena, mkazo katikati pote pawili. Jirani yangu Mkalenjin alinisikia akacheka, akasema kwao mtoto wa mvua angekuwa Cherop.

Jambo la pili nililolitazama kwa makini ni tahajia, na hili nalisema kwa uchungu. Shuleni niliandikwa Nekessa, "s" mbili, na kitambulisho kikatoka na moja. Nilipoomba kazi yangu ya kwanza ilibidi niende kwa wakili, nile kiapo kwamba hao wawili ni mtu mmoja. Kwa hiyo jina lolote ambalo karani angeweza kuliandika kwa njia mbili nililikata. Achieng' nalipenda, lakini nimeona ile alama ya ng' ikidondoka kwenye vyeti vya watu wengi mno. Nafula ukilisikia unaliandika, na ni kwa namna moja tu.

Kliniki ya wiki 6 ilinimalizia shaka. Kwenye benchi la chanjo, nesi alikuwa akiita watoto kwa majina yao mawili ya mwanzo, moja kwa moja kutoka kwenye vile vitabu vya mama na mtoto. Nikasikiliza yapi yanapita juu ya vilio na yapi yanazama. Wetu akaitwa Rehema tu, na akina mama wawili wenye Rehema zao wakasimama pamoja nami.

Ikabaki kumwambia mama mkwe. Mume wangu alitaka aseme yeye, nikamwomba aniachie. Mama alikuja mtoto akiwa na miezi miwili na nusu, na kifurushi cha omena na unga wa wimbi wa uji wangu. Tulikuwa jikoni, yeye anachambua omena kwenye ungo, mtoto mgongoni mwangu.

"Mama, kuna jina la kwetu tumelifikiria. Nafula."

Hakuinua uso. "Nafula ni nini?"

"Ni mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua. Mvua kwetu ni efula."

Vidole vilisimama juu ya ungo. "Koth," akasema.

"Ndiyo, mama. Koth."

Akanyamaza muda mrefu. Kisha akajifuta mikono kwenye leso, akanizunguka nyuma, akamshika mtoto kisigino. "Basi mwanangu, wewe mwandike kwa lugha yenu. Mimi nitamwita kwa yangu. Ni mtu yule yule." Nililia, na sikujificha.

Tulimsajili wiki iliyofuata. Nilimtajia karani herufi moja moja, nikasoma kwenye skrini kabla hajabonyeza. Mama yangu kule Kitale alipoambiwa habari ya ile ndoto aliomba jina la marehemu, akaliandika nyuma ya kalenda ya kanisa ili alikumbuke akiomba.

Chanjo ya surua ya miezi 9 mama mkwe alikuwa nasi tena, akaomba ampakate yeye. Nesi akafungua mlango, akasoma: "Rehema Nafula!" Safari hii hakusimama mwingine. Bibi akamvuta soksi, akainuka naye.

"Haya, Akoth, tunaitwa."