Siku yangu moja: kufunga bustani za watu kabla ya theluji, Minneapolis, Marekani

Saa 12:30 asubuhi. Giza totoro. Mwisho wa Oktoba jua la huku huchomoza saa 2 kasoro, nami niko nje nakwangua kioo cha gari. Nimekulia Makete, nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, sakitu (baridi ya kugandisha) naijua tangu utoto, ndiyo maana mwaka wa kwanza hapa nilijifanya mjanja. Kwetu sakitu huunguza viazi alfajiri, mchana jua linawaka, maisha yanaendelea. Hapa udongo wenyewe unaganda, mita nzima kwenda chini, na unakaa hivyo miezi.

Saa 2:15. Nyumba ya kwanza, ya bibi mmoja mstaafu. Kazi ni kutoa maji kwenye mabomba ya kumwagilia nyasi. Nafunga koki ya ndani, naunganisha kompresa, nafungulia mstari mmoja mmoja. Mabomba ni ya plastiki laini, kwa hiyo mshale wa geji ya hewa usivuke psi 50. Mwanzoni vichwa vinarusha maji kama siku zote, kisha vinakohoa, halafu unabaki ukungu tu. Hapo zima. Ukizidi kupuliza hewa kavu, gia za ndani zinapata moto zinaharibika. Mabaki ya maji nayo si ya kuyaacha: yakiganda, lita 10 zinadai nafasi ya karibu 11, na bomba halitanuki.

Saa 5. Majani. Sina la kuongeza, ni majani tu, mgongo ndio unajua.

Saa 6 mchana. Mama anapiga, kwao saa 2 usiku.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Unafanya nini?"

Namwambia nakusanya majani kwenye mifuko.

"Unatupa mbolea?"

Najitetea kwamba nyumba hii wenyewe wameagiza hivyo, mimi kwangu nayasaga kwa mashine ya kukatia nyasi yanabaki papo hapo. Hajaridhika. Na ana haki.

Saa 8. Nyumba ya tatu kuna mtufaha mchanga. Nauzungushia wavu wa chuma hadi usawa wa kifua changu. Zamani nilikuwa naishia magotini; theluji ikajaa, sungura wakasimama juu yake kama wako kwenye ngazi, wakala gome lote la juu.

Saa 10:30. Kwangu. Mchicha umeshakufa, mweusi, unateleza mkononi. Sukuma bado imesimama, na baada ya sakitu inakuwa tamu zaidi. Nachuma za usiku. Kwenye tuta la nyanya nachomeka punje za kitunguu saumu, nafunika na majani yaliyosagwa. Nitavuna Julai.

Saa 11:40. Bomba la nje. Mwaka jana niliwafungia wateja wote mabomba yao, langu nikaliacha na mpira wa kumwagilia umechomekwa. Maji yakabaki ndani, yakaganda, bomba likapasuka ukutani kimya kimya. Nilikuja kujua Aprili: nimefungulia nje, mke wangu anapiga kelele kutoka chumba cha chini, "Baba Neema, ukuta unatoa maji!"

Leo pete inayofunga mpira huo kwenye bomba imeng'ang'ania. Namwagia maji ya birika, nazungusha kwa koleo, inaachia. Nafunga koki ya ndani, narudi kufungulia ya nje. Linatoka tone, tone jingine, basi.

Dirishani mke wangu anachungulia. "Umetoa?"

"Nimetoa."

Anakuja kuhakikisha mwenyewe, na kanga mabegani.