Senti 20 za Helsinki

Duka la Helsinki, mji mkuu wa Finland: rafuni maji yameandikwa euro 1. Kaunta nikalipishwa euro 1 na senti 20. Ilikuwa mwishoni mwa Novemba, saa tisa na nusu alasiri na jua limeshazama, na tangu asubuhi bei zilikuwa zimeniumiza: kahawa euro 4 na ushee, tiketi moja ya tramu zaidi ya euro 3. Sasa na maji tena? Nikarudi rafuni na risiti mkononi, tayari kwa ugomvi. Chini ya bei, kwa herufi ndogo: + pantti 0,20. Hakuna aliyeniibia. Pantti ni amana ya chupa, ukiirudisha, unarudishiwa.

Kesho yake nikaja na chupa nne mbele ya mashine ya kupokea chupa iliyo mlangoni mwa duka hilohilo. Zote nilikuwa nimezikanyaga zikawa bapa, maana ndivyo tulivyozoea. Mashine ikaimeza ya kwanza, ikanguruma, ikaitema. Ya pili vilevile. Foleni nyuma yangu ikarefuka, na Mfini hasemi neno, anakutazama viatu tu.

“Kaka, usizivunje!”

Kiswahili! Mama wa Uvira, na mfuko mzima wa makopo. Wakongomani wenye Kiswahili wapo Finland, wengi wao wamefika kama wakimbizi, na huyu alikuwa mwalimu kamili. Mashine inatazama umbo la chupa na kusoma msimbopau, ile mistari ya kwenye karatasi, akaniambia. Chupa iwe tupu, haijapondwa, karatasi yake haijabanduliwa, kifuniko kiachwe. Itangulie kitako, ilale, usiisukume; mkanda unaivuta wenyewe na kuizungusha hadi mistari isomeke. Kuiponda ni kazi ya mashine, ikishakuhesabia. Chupa ya plastiki inayozidi lita 1 ni senti 40, ya nusu lita senti 20, kopo senti 15, ya kioo senti 10. Ukimaliza unabonyeza kitufe, risiti inatoka, unampa keshia. Anakupunguzia kwenye manunuzi au anakupa taslimu.

Zangu akazivuta, akazipuliza kwa mdomo kama maputo. Tatu zikakubali. Ya nne ilikuwa na mkunjo juu ya mistari. Senti 20 zikaenda na maji. Kisha akaingiza makopo yake, na matatu yakasoma 0,00. Yametoka Tallinn, ng'ambo ya bahari, saa 2 hivi kwa meli. Amana ya Finland haikulipwa juu yake, basi hairudishwi. Wala hakukasirika. Nikamuuliza kama kweli watu wa huku wana furaha, maana tangu 2018 nchi yao inashika namba 1 kila mwaka kwenye utafiti wa furaha duniani.

“Furaha? Baridi hii!” Akacheka. “Lakini mtoto anakula shuleni.”

Chakula hicho ni bure kwa kila mwanafunzi, kwa sheria iliyoanza kutekelezwa 1948. Na lile swali la utafiti halihusu kicheko. Watu wanaambiwa wafikirie ngazi ya vidato 0 hadi 10, kisha waseme maisha yao yako kidato cha ngapi. Asiye na hofu ya kesho anajiweka juu hata kama amenuna, na kwenye tramu walikuwa wamenuna kwelikweli. Mzazi mwenye kigari cha mtoto anaingia mlango wa katikati na halipi nauli. Mjamzito akienda kliniki kabla mwezi wa nne wa mimba haujaisha, anastahili sanduku la nguo na vifaa vya mtoto. Tangu 1949 hawaulizi ana kipato gani. Kodi ni kali, na mapato yaliyotozwa kodi yako wazi: kila Novemba magazeti yanatoa majina ya waliovuna zaidi, siku wanayoiita ya wivu. Si peponi. Foleni ya chakula cha msaada ipo Helsinki, na jioni utawaona watu wakizunguka na tochi kwenye mapipa, wakitafuta chupa. Kwa hiyo wengi huziacha wima kando ya pipa, mtu asichafue mikono.



Nilichokuwa nikikiwaza ni duka la Mangi kule Dar. Soda ya kioo, swali la kwanza: chupa unayo? Huna, unaacha hela ya chupa au unanywea pale pale. Mambo ni yaleyale, ila chupa ya Helsinki unairudisha duka lolote linaloziuza, na unashughulika na mashine tu. Hela ya Mangi iko kichwani mwa Mangi. Nilipohama Tabata niliacha kwake kreti tupu, chupa 24, nikasema nitalifuata Jumamosi. Huu ni mwaka wa tatu, na naambiwa Mangi naye amehama.