Siku mbuzi wangu walipoogeshwa dawa ya mahindi

Asubuhi ile nilikuwa na mbuzi 9: wakubwa 6 na watoto 3. Kufika adhuhuri walibaki 7. Nasimulia ilivyokuwa, maana kilichowaponya hao 7 kilianza kwenye chupa kabla ya kufika kwenye sindano.

Kwetu Muheza kupe hawana msimu. Ukiacha wiki mbili bila kuogesha, unawakuta wamejazana masikioni na chini ya mkia. Kwa hiyo kila Jumamosi, kabla jua halijawa kali, mbuzi wanaogeshwa kwa bomba la mgongoni, na dawa yetu ni amitrazi. Siku hiyo nilikuwa shambani napalilia, kazi nikamwachia mpwa wangu, kijana wa miaka 17 ambaye ameshaifanya mara nyingi na kwa uangalifu.

Kwenye saa tatu akaja mbio.

"Mjomba, njoo uone. Mbuzi wanatokwa na mate, hawasimami vizuri."

Nilipofika bandani niliona jambo ambalo sijawahi kuliona katika miaka yote ya kufuga. Udenda ulikuwa unaning'inia hadi chini kama uzi. Macho yanatoa machozi. Wanakojoa kidogo kidogo bila kukoma, na wengine wanaharisha maji matupu. Ngozi ya mapaja na mashavu ilikuwa inachezacheza yenyewe, kama maji yanapotaka kuchemka. Watoto watatu walikuwa wamelala ubavu, na kila wakivuta pumzi unasikia kifua kinakoroma.

Majirani wakajaa. Mzee mmoja, ambaye namheshimu sana, akasema ni muhogo, kwa sababu jana yake tulikuwa tumewapa maganda. Hakusema jambo la ajabu. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi, na huku kwetu umeshaua mbuzi wengi. Lakini mbuzi wa muhogo hangoji kesho yake. Akila maganda mabichi ya kutosha, mara nyingi huanguka ndani ya dakika chache au saa moja hivi. Anahema kwa nguvu, ufizi umeiva wekundu. Hawa wangu walikuwa wamelala usiku mzima wakiwa salama.

Wakati tunabishana, mtu mwingine alikuwa ameshapiga magoti na kumnywesha mtoto mmoja maziwa kwa chupa. Alifanya kwa huruma, simlaumu, tumekua tukiambiwa maziwa yanaua sumu. Yule mtoto alikohoa mara mbili, maziwa yakatokea puani, na muda si mrefu akakata roho. Baadaye daktari alinieleza kwamba mnyama anayetetemeka na kuhema kwa shida hawezi kumeza sawasawa. Unachommiminia kinaenda kwenye mapafu. Tena sumu za jinsi hii hupenda mafuta, kwa hiyo maziwa na mafuta ya kula yanaweza kuzisaidia kupenya zaidi mwilini.

Nilimpigia daktari wa mifugo. Nikamwambia mbuzi wameogeshwa amitrazi, sasa wanakufa. Hakunijibu mara moja. Akaniuliza maswali matatu: wanasinzia au wanatetemeka? Mate yapo? Mboni za macho ni kubwa au ndogo?

Nikamfungua mmoja jicho. Mboni ilikuwa imesinyaa, ufa mwembamba kabisa.

"Hiyo siyo amitrazi," akasema. "Amitrazi ikizidi, mnyama anapoa, anasinzia, mboni zinatanuka. Mzee wangu, nenda stoo ukatafute walichoogeshwa. Nikija na dawa ya kutibu sumu isiyokuwa yenyewe naweza kuwamaliza. Na waosheni sasa hivi, msinisubiri."

Mpwa wangu alinipeleka stoo, ametahayari. Amitrazi ilikuwa pale pale rafuni, kwenye chupa yake. Pembeni palikuwa na chupa ya maji ya kunywa ya nusu lita, haina karatasi yoyote, ndani imebaki robo. Ndiyo aliyoichukua. Nilipoifungua, harufu yake ilikuwa kali, kama kitunguu saumu kilichooza. Kosa lilikuwa langu mimi. Ile dawa nilipewa na jirani wakati viwavijeshi vamizi walipoingia kwenye mahindi. Alinimiminia kiasi kwenye chupa ya maji, nami nikaiweka karibu na dawa ya mifugo. Zote mbili ukizitia kwenye maji hugeuka nyeupe kama tui. Kijana angejuaje?

Jirani, kwa bahati njema, alikuwa bado na chupa yenyewe. Alinisomea lebo kwa simu: profenofosi, dawa ya kuua wadudu wa mazao, na chini mstari wa rangi ya njano, alama ya sumu yenye hatari ya kati. Nilipomtajia daktari jina hilo, alisema neno moja tu: "Atropini." Ndiyo dawa ya kupinga sumu ya jinsi hiyo. Akawasha pikipiki.

Tulikuwa tumeanza kuosha. Mke wangu alivaa mifuko ya nailoni mikononi kwa kuwa hatukuwa na glovu; sumu hii hupenya ngozi ya mtu kama inavyopenya ya mbuzi. Tuliwatoa kwenye jua tukawaweka chini ya mwembe, tukawaosha kwa sabuni ya mche na maji ya baridi, mara tatu kila mmoja, kwa kiganja na si kwa brashi, maana ngozi ikichubuka sumu hupata njia. Tulichimba kijifereji ili maji yale yasielekee kisimani. Mbwa tulimfunga mbali. Mbuzi hujilamba, nao hulambana, kwa hiyo usipowaosha wanaendelea kujilisha sumu iliyo kwenye manyoya hata kama wameshachomwa sindano.

Daktari alifika na vichupa 20 vya atropini, kila kimoja miligramu 1, vile vile vinavyotumika kwa binadamu. Mimi nilidhani ni vingi. Akanipigia hesabu pale pale: kwa kuanzia, miligramu 0.2 kwa kila kilo ya uzito. Mbuzi wa kilo 25 anahitaji vichupa 5. Mbuzi wakubwa 6 ni vichupa 30, na watoto wawili waliobaki vichupa 2 kila mmoja. Vilitakiwa 34. Akasema angekuwa ng'ombe wa kilo 300, kwa kiwango hicho hicho ni vichupa 60, kwa mnyama mmoja.

Basi ikabidi achague, nami nilisimama namtazama akichagua mbuzi wangu. Aliweka sikio kifuani kwa kila mmoja. Wakubwa watatu waliokuwa wanakoroma na watoto wawili wakapewa kwanza: robo ya dozi polepole kwenye mshipa wa shingo, iliyobaki chini ya ngozi. Wale watatu waliokuwa wanatoka udenda tu, kifua safi, wakasubiri. Bodaboda akatumwa famasia mjini na karatasi ya daktari.

Dakika kama 15 zilipita. Mtoto mmoja akaacha kukoroma. Daktari akamtia kidole mdomoni: pamekauka. Moyo umeongeza mwendo, mboni zinaanza kufunguka. Hapo ndipo mkono unapotakiwa kusimama, aliniambia, kwa sababu atropini ikizidi kwa mnyama anayecheua, tumbo linalala na gesi inajaa. Nilimuuliza mbona bado anatetemeka. Akanieleza kwamba sumu imekifunga kimeng'enya kinachoipa mishipa ya fahamu amri ya kutulia. Atropini huyakausha mate na kuufungua mfumo wa hewa, lakini misuli haiifikii. Ipo dawa nyingine, pralidoksimu, inayoweza kukifungua kimeng'enya ikiwahi, ila yeye hakuwa nayo. Waliokuwa wanaweza kumeza aliwapa mkaa wa dawa uliokorogwa kwa maji. Si mkaa wa jikoni, alisisitiza.

Mbuzi wa tatu kati ya wale wakubwa, jike aliyekuwa na mimba, hakuitikia. Alipokuwa anakata, mtu wa kijiweni alikuja na kisu. "Mchinje upesi asiwe kibudu, nyama isipotee." Namwelewa, kwetu mnyama akifa bila kisu ni hasara tupu, na wapo walioniona mwenye kiburi nilipokataa. Lakini kisu kinahalalisha nyama, hakiitoi sumu iliyomo. Nilikuwa na watu 30 uani kwangu, watoto wao wakiwemo, na kila mmoja angeondoka na kipande. Tuliwazika yeye na yule mtoto kwenye shimo refu, mbali na kisima, tukalundika mawe juu mbwa wasifukue.

Dawa kutoka mjini ilifika saa saba. Usiku tulikesha mimi na mpwa wangu na tochi. Daktari alikuwa ametuachia maagizo: kila baada ya saa chache tusikilize kifua, mate yakirudi tumpigie. Yalirudi kwa wawili, saa mbili usiku na tena saa nane, naye akaja mara zote mbili kuwachoma. Kijana hakusema neno usiku kucha. Alfajiri nilimwambia chupa ile niliiweka mimi, si yeye. Akaitikia kwa kichwa tu.

Maziwa ya wale majike tuliyamwaga kwa muda wote daktari aliotupangia. Dawa za shamba sasa zinakaa kwenye sanduku lenye kufuli upande wa pili wa nyumba, kila moja kwenye chupa yake yenye lebo. Nimenunua bomba la pili kwa ajili ya mahindi na kulipaka rangi nyekundu, maana hata mabaki ndani ya mpira wa bomba yanatosha kudhuru. Namba ya daktari imeandikwa ukutani kwa mkaa.

Siku ya tatu, nikiwa nafagia banda, nikasikia mlio wa taya. Jike mzee, ambaye miguu yake ya nyuma ilikuwa ingali inatetemeka, alikuwa amelala chini ya mwembe anacheua. Nikamwita mpwa wangu aje amsikilize.