Nilivyosanifu kioo cha kugusa cha mashine ya kutotolesha vifaranga

Mayai ya kuku hukaa kwenye mashine siku 21, na katika muda huo mwenye mashine huwa na sababu chache sana za kugusa mipangilio yake. Jambo hilo ndilo lililoniongoza nilipoamua kuachana na kidhibiti cha kawaida chenye vitufe vichache na vifupisho vya kukariri, nikaweka mahali pake kioo cha kugusa chenye maelezo ya Kiswahili. Mfugaji haendi kwenye mashine ili apange joto. Huenda kwa sababu anataka kujua mayai yamefika siku ya ngapi, joto limetulia au la, na kama kuna kazi inayomsubiri.

Kabla ya kuchora ukurasa wowote ilinibidi nichague aina ya kioo. Vioo vya simu hutambua kidole kwa badiliko dogo la umeme juu ya uso wake, na ni vyepesi kutumia, lakini tone la maji laweza kuvichanganya, na anayeongeza maji ya unyevu huja na vidole vilivyolowa. Aina ya pili ina tabaka mbili nyembamba zinazokutana pale zinapobonyezwa, hivyo haijali kidole kilicholowa, glavu wala vumbi la pumba. Nilichukua hiyo, ya inchi 2.8 na pikseli 320 kwa 240, nikijua kwamba haipendi kutelezeshwa kidole na kwamba kila kioo kipya lazima kwanza kifundishwe, kwa kugusa alama zilizopangwa, mahali hasa zilipo pikseli zake. Kwa hiyo niliondoa orodha zote za kutelezesha: kila ukurasa huonekana mzima, na kuhamia mwingine ni kwa kitufe.

Pikseli 320 za kioo hicho zimetandazwa kwenye upana wa milimita 58 hivi, yaani pikseli tano na nusu kwa kila milimita. Kidole cha mtu mzima kinahitaji eneo la milimita tisa au kumi, kwa hiyo vitufe vyangu havipungui pikseli 56 kila upande, na ukurasa hauwezi kubeba vingi. Michoro ya kwanza niliifanya kwenye karatasi kwa vipimo halisi nikawapa watu waiguse wakiwa wamesimama, kwa kuwa kwenye kompyuta kila kitufe huonekana kikubwa kuliko kilivyo.

Bodi niliyotumia ni ya ESP32, chipu ndogo ya kompyuta yenye Wi-Fi, na kurasa nilizijenga kwa LVGL, maktaba huria ya lugha ya C ya kuchorea kurasa za vioo. Picha moja ya kioo kizima huhitaji baiti 153,600, mzigo usio mdogo kwa kifaa chenye RAM (kumbukumbu ya kazi) ya kilobaiti 520 ambayo Wi-Fi nayo inaigombania. Lakini LVGL huchora kipande kwa kipande, nami nikatenga nafasi ya sehemu moja ya kumi tu ya picha hiyo. Fonti haikunisumbua, kwani herufi zote za Kiswahili pamoja na alama ya nyuzi zimo kwenye fonti zake za kawaida.

Ukurasa wa mwanzo ndio ulionichukulia muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote. Una joto kwa tarakimu kubwa, siku, na sentensi moja: “Hakuna kazi leo”, au ikifika siku ya 18, “Acha kugeuza mayai, ongeza unyevu”. Nilipowaonyesha wafugaji niligundua kwamba tarakimu inayorukaruka kati ya 37.4 na 37.7 huwatia wasiwasi bure, mama mmoja aliniambia, “Fundi, mimi nataka kujua mayai yangu yako salama tu.” Tangu hapo kioo huonyesha wastani wa dakika nzima pamoja na neno SAWA, ilhali kengele ya hatari husikiliza kipimo chenyewe bila wastani, kwa kuwa joto likizidi huua viinitete haraka kuliko likipungua. Rangi ya kijani na nyekundu zipo, lakini daima zikiambatana na neno, maana wapo watu wasiotofautisha rangi hizo mbili.

Kubadilisha kitu nilikufanya kugumu kwa makusudi. Kufuli hufunguka kwa kubonyezwa sekunde tatu, joto halipangiki kupita nyuzi 38.5, na kabla ya kukubali, kioo huandika thamani ya zamani na mpya kwa pamoja. Umeme ukikatika, saa yenye betri yake huendelea kuhesabu. Ukirudi, hita huwaka bila kungoja mguso wa mtu, na kioo hueleza ulikatika kwa muda gani.

Usumbufu mkubwa ulitoka kwenye nyaya. Kila mara relei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, ya mota ya kugeuza mayai ilipokata, kioo kilisoma miguso ambayo hakuna aliyeigusa. Nilifupisha waya wa kioo na kuutenga na nyaya za umeme mkubwa, nikaweka kapasita na rezista za kumeza cheche sambamba na miguu ya relei, kisha programu ikawa inasoma kila mguso mara kadhaa na kuchukua thamani ya katikati, huku ikipuuza chochote kinachotokea papo hapo relei inapobadilika. Hatua ya nyaya ndiyo iliyosaidia zaidi. Ya programu peke yake isingetosha.

Udhibiti wa joto niliutenga kabisa na kazi ya kuchora, na juu yake nikaongeza thermostati ya kawaida inayokata hita yenyewe joto likipita kiwango. Mwezi uliopita mteja mmoja alivunja kioo wakati wa kuhamisha mashine katikati ya wiki ya pili. Alisoma joto kwenye kipimajoto kilichoning’inizwa ndani ya mlango mpaka nilipomletea kioo kingine, na hesabu ya siku ilikuwa imeendelea bila kukatika.