Kaa kwanza

Jumatano, saa nne usiku

Mikono ndiyo kwanza imeacha kutetemeka. Naandika kabla sijasahau.

Jioni nilikuwa naunga maharage, simu ikaita. Namba ngeni. Mwanamume mwenye sauti ya heshima: "Naongea na mzazi? Napiga kutoka shuleni. Kijana ameanguka, damu zinamtoka puani, tuko naye hospitali." Nikapiga ukelele: "Daudi?" Akasema ndiyo, Daudi. Daktari anataka laki mbili na nusu ya kipimo cha kichwa, namba ya kutuma hela inakuja kwa meseji. "Usihangaike kupiga shuleni, mama, walimu wote tuko huku. Wahi."

Daudi yuko bweni Iringa, mimi niko Mbagala. Nikakosea namba ya siri mara mbili. Mama alikuwa barazani anachambua mchele kwenye ungo. Akaniangalia, akasema, "Kaa kwanza."

Nilitaka kumjibu vibaya. Nikakaa. Akanipa maji. Nikanywa, nikashusha pumzi polepole, mara tatu, nne. Pumzi ikitoka taratibu moyo nao hupunguza mbio, na leo nimeusikia ukipungua kifuani mwangu.

Hapo ndipo maswali yakaja, sikuyaita. Hospitali gani hiyo inayolipwa kwa namba ya mtu binafsi? Juzi tu nilipompeleka mama kliniki tulipewa namba ya kumbukumbu ya malipo. Kwa nini nisipige shuleni? Halafu likaja lililonitoa jasho: jina la Daudi nililitaja mimi. Yeye alisema "kijana", basi.

Nikampigia matroni. Daudi alikuwa uwanjani. Alipoletwa kwenye simu alikuwa anahema kwa mpira, akauliza, "Mama, mbona unalia?" Kisha akaomba sabuni ya kufulia.

Ile meseji nimeituma 15040, namba ya kuripotia matapeli. Lakini bado nawaza. Yule mtu hakuhitaji niamini kila alichosema. Alihitaji nisikae, hizo dakika tano tu. Jirani yangu wa genge alituma hela zote za mtaji kwa simu kama hii, na watu mtaani walimcheka. Sikucheka siku ile, na leo nasema wazi kwamba hakuwa mjinga. Alikuwa mama aliyesikia mwanawe anatokwa damu, na hapakuwa na mtu pembeni wa kumkalisha. Kesho nitapita gengeni kwake nimweleze yaliyonikuta.

Maharage yameungua, tumekula wali na mchicha. Mama hakusema neno zaidi, alirudi kwenye ungo wake.

Nimekumbuka mwaka 2009, ile simu ya baba, ambayo ilikuwa ya kweli. Sote tulikuwa tunalia. Mama alivuta kigoda, akakaa, akauliza, "Yuko hospitali ipi, na mnataka damu ya kundi gani?"