Kancil, mamba na neno "jumped"

Jumanne jioni

Wayang kulit ya Java, maonyesho ya vikaragosi vya kivuli, huchezwa usiku kucha, na dalang mmoja, mchezesha vikaragosi, hutoa sauti zote. Ukiyatumia darasani kufundishia Kiingereza cha wakati uliopita, hilo ndilo kosa la kwanza: mwalimu anajifanya dalang, watoto wanacheka, kengele inalia, na hakuna aliyefungua mdomo kwa Kiingereza.

Ngano ya Kiindonesia ya Kancil kuvuka mto inafaa kuliko zote. Kancil ni kimnyama mfano wa digidigi. Kwa ujanja, ndiye Sungura wetu. Anawaambia mamba kuwa mfalme atawagawia nyama, basi wajipange wahesabiwe. Kisha anaruka mgongo hadi mgongo: one, two, three. Kitenzi cha Kiindonesia hakibadiliki kwa wakati, na "dia" ni he na she kwa pamoja, kama "yeye" yetu. Kwa hiyo mamba wawili wawe majike, la sivyo kipindi kizima kitakuwa he tupu.

Badala ya ngozi ya nyati wanayochongea vikaragosi Java, kadibodi ya sentimita 25 na kijiti cha mwanzi vinatosha. Mkono mmoja tu wa kikaragosi ndio ucheze: uzi, fundo kila upande. Fundo likikazwa mno, mkono hauteremki. Shuka jeupe la mita moja na nusu, na mbele yake gogo la mgomba, vilevile kama kwa dalang, maana mamba sita lazima wasimame wenyewe. (Litandikiwe gazeti, utomvu wa mgomba hautoki kwenye nguo.) Kivuli kikififia, ama kikaragosi kiko mbali na shuka, ama taa ni mbili. Taa iwe moja, juu ya kichwa cha mchezaji.

Mzunguko wa kwanza, Kancil anaruka na darasa linasema papo hapo: He jumps. Kila mruko, kibao kinagongwa mezani. Kisha inachomekwa kayon, ile sura ya mlima inayofungua na kufunga maonyesho, na taa inazimwa. Mambo yamekwisha kutendeka. Sasa wasimulie: He jumped. He counted six crocodiles. Sentensi isizidi maneno sita, vinginevyo mkono unasimama ulimi ukihangaika.

Matamshi ndiyo yanayokula muda. Kibao kinasaidia: jumped ni pigo moja, counted ni mawili. Anayesema "jump-ed" anamrudisha Kancil ukingoni, na hesabu inaanza upya.