Siku Yangu na Potopoto la Ziwa Kivu

Saa kumi na moja alfajiri. Mvua imenyesha Bukavu usiku kucha, na nyumbani kwetu Kadutu ni mimi tu ninayeifurahia. Mama hachoki kuuliza: "Ulisoma miaka yote ile ili upime potopoto?"

Saa kumi na mbili na nusu. Mto Kawa unaingia ziwani ukiwa na rangi ya chai ya maziwa, chupa za plastiki zikiutangulia. Tunapiga kasia kidogo tu, rangi ile inakatika ghafla. Mbele yetu maji ni safi. Wengi hudhani tope limeyeyuka. Limezama! Maji ya mvua ya usiku ni ya baridi, yamebeba udongo, ni mazito kuliko ya ziwa, kwa hiyo yanapiga mbizi na kuendelea kuteremka juu ya sakafu: mto chini ya ziwa. Tunashusha chupa ya sampuli kwa kamba. Ya juu inatoka inang'aa, ya chini kahawia.

Papa mwenye mtumbwi anaitazama. "Kumbe! Nyavu zangu zikijaa udongo nilisema ni ulozi." Kisha sauti inashuka: "Na hii haiwezi kuamsha gesi iliyoyeyuka ndani ya ziwa?" Namwambia gesi nyingi iko zaidi ya mita 260 chini, kule kwenye bonde kuu lenye kina cha mita 485, upande wetu huu kina cha ziwa ni kifupi. Anaitikia kwa kichwa, ila kasia linaongeza kasi.

Saa nne. Umeme hakuna. Nachuja maji kwa pampu ya mkono.

Saa saba, bugali na sambaza, samaki wadogo wa ziwa.

Saa nane, wanafunzi. Nawaeleza jinsi Januari 2020, baada ya mafuriko makubwa ya Mto Kongo, tope lilivyoporomoka katika korongo lililo chini ya Atlantiki, likasafiri zaidi ya kilomita 1,100 na kukata kebo mbili za intaneti. Wanacheka. Nikitaja Bushushu na Nyamukubi, vijiji vya Kalehe vilivyofukiwa na mafuriko ya tope Mei 2023, hakuna anayecheka. Mmoja ni wa huko. Mimi hujiuliza hadi leo: lile tope lililoingia ziwani siku ile limelala wapi, na limelala kwenye mteremko gani?

Saa kumi na mbili jioni umeme unarudi, nawasha jiko la kukaushia vichujio. Kupima uzito ni kesho.

Nyumbani, Mama ameweka beseni nje ya mlango. Buti haziingii ndani.